Maoni ya Nyota Moja

1

Mnakili alipofika ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, Tulinagwe aliweka kikombe mezani bila kukitazama, na chai ikamwagikia kibao cha herufi. Hakuifuta. Alikuwa anasoma mistari mitatu mifupi iliyojitokeza kwenye skrini, katikati ya maelezo ya milango ya bwawa:

Hapa Lusungo ilichaguliwa.
Walikuwa wachache.
Mungu anisamehe.

Alisoma mara ya pili. Mara ya tatu akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayemsomea mtu mwingine barua. Kisha akageuka kuutazama mlango wa ofisi, utadhani amefumaniwa na kitu kisicho chake.

Kazi ya Tulinagwe katika Ofisi ya Bwawa, pale Kabembe, ilikuwa kutoa Kitabu. Milango sita ya bwawa, mitatu kushoto na mitatu kulia, ilikuwa chini ya mashine iitwayo Mratibu. Mratibu hakuwa kitu cha kushikwa; alikuwa msimbo, maelfu ya mistari ya amri zilizoandikwa na mafundi waliokuwapo kabla yake. Katikati ya amri hizo mafundi walikuwa wameacha maoni, maneno ya kawaida ya kumweleza binadamu kila sehemu inafanya nini. Mashine huyaruka maoni. Haiyaoni wala hayaisumbui. Mnakili yeye, programu ya Tulinagwe, alifanya kinyume: alipita ndani ya msimbo wote akiziacha amri na kuyaokota maoni, akayapanga kwa sura, na mwishoni kikatoka Kitabu.

Sheria ilitaka hivyo. Hakuna mashine iliyoruhusiwa kuamua juu ya uhai wa watu bila kuwa na Kitabu chake, na Kitabu hicho kilipaswa kutoka tumboni mwa mashine yenyewe, asije ofisa akakaa mezani kwake akaandika mambo matamu yasiyokuwamo. Kila mwaka, kabla ya masika, kilisomwa mbele ya watu, neno kwa neno. Mtu aliruhusiwa kuongeza maoni na kuweka jina lake. Kuyaondoa maoni ya mwenzake lilikuwa kosa la kufungwa.

Miaka yote Mnakili aliokota maoni yaliyotanguliwa na nyota mbili tu, yaliyoandikwa kwa ajili ya watu. Yale ya nyota moja yalikuwa ya mafundi wenyewe kwa wenyewe: "rekebisha hii Jumatatu", "sijui kwa nini inafanya kazi, usiiguse". Mwaka huu sheria ilibadilishwa. Yote yasomwe. Kitabu kilichokuwa na kurasa sitini kikavimba hadi mia mbili na thelathini na moja, na Tulinagwe alikuwa amecheka asubuhi nzima kwa mizaha ya watu asiowajua.

Sasa hakucheka. Kilichomkera kwanza hata hakikuwa neno Mungu. Kilikuwa kitenzi. Maoni ya Mratibu, yote, yalizungumza kwa namna moja: hupima kina, hufunga mlango, hugawa maji. Ndivyo mashine inavyoelezwa, kwa yale inayoyafanya kila siku. Haya yalisema "ilichaguliwa". Jambo lililokwisha kutokea. Na nani aliyechagua?

Akafungua msimbo wenyewe, akausogeza hadi chini ya mistari ile mitatu. Amri iliyofuata ilikuwa fupi kuliko maoni yake. Ilisema maji yagawanywe nusu kushoto, nusu kulia.

Lusungo ilikuwa kushoto. Kabembe, pamoja na soko na hospitali yake, ilikuwa kulia. Amri haikumchagua yeyote.

Miaka kumi na miwili iliyopita, mwaka ambao watu bado waliuita Mwaka wa Maji, mto ulikuwa umeshuka Lusungo na kuondoka na watu thelathini na mmoja. Taarifa ilisema magogo yalikwama kwenye milango ya kulia. Mmoja wa wale thelathini na mmoja alikuwa mama mkwe wake Tulinagwe, ambaye hakuwahi kumwona. Na mtu ambaye watu wa Lusungo walikuwa wamemchagua kuwasomea Kitabu, kila mwaka, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri na hakuruka neno, alikuwa Ambakisye, mume wake.

Usomaji ulikuwa umebakiza siku tisa.

2

"Futa," alisema Bwana Asajile, mkuu wa ofisi, kabla hata hajaketi vizuri.

"Mkuu, sheria..."

"Naijua sheria. Nilikuwepo ilipopitishwa." Alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya tai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa mambo yafike jioni yakiwa yameisha. "Nisikilize, Tulinagwe. Kitabu kinaeleza mashine. Mashine inafanya nini?"

"Inagawa nusu kwa nusu."

"Maoni yanasema inafanya nini?"

"Yanasema Lusungo ilichaguliwa."

"Basi maoni ni ya uongo. Fundi alibadilisha amri akasahau kubadilisha maoni. Umeona hayo mara ngapi?"

Alikuwa ameyaona mara nyingi. Maoni ya zamani huachwa juu ya amri mpya kama kibao cha duka lililohama. Alikuwa amejiambia hivyo njia nzima ya kutoka mezani kwake.

"Lakini kama amri ilibadilishwa," alisema, "ilibadilishwa kutoka nini? Huenda siku ya mafuriko ilisema Lusungo. Huenda magogo ni hadithi tu."

"Angalia kumbukumbu za mabadiliko."

"Zinaanzia miaka tisa iliyopita. Za nyuma zilipotea tulipohamisha mitambo."

Asajile alirudisha miwani usoni. Kwa muda alitazama dirishani, ambako mawingu yalikuwa yameukalia mlima tangu asubuhi. "Ukikichapa, unawasomea watu jambo ambalo mashine haifanyi. Huo ni uongo. Wataacha kuiamini. King'ora kitalia, nao watakaa ndani wakisema inatutega. Mvua zinaanza mwezi ujao."

"Na nikifuta?"

"Ukifuta, Kitabu kinasema kweli kuhusu mashine ya leo."

"Na ya jana?"

"Ya jana haina Kitabu," alisema Asajile, na ilionekana jibu hilo halikumfurahisha hata yeye. "Sikuamrishi. Sitaandika popote kwamba nimekuamrisha. Nakwambia tu ningefanya nini."

Tulinagwe alirudi mezani. Akaweka kishale mwishoni mwa neno "anisamehe", kidole juu ya kitufe cha kufutia, akakaa hivyo hadi kidole kikafa ganzi. Kila hoja aliyoishika iligeuka mkononi. Kuchapa uongo ni vibaya. Kufuta ushahidi ni vibaya. Ila hakujua kama ni uongo, na hakujua kama ni ushahidi. Alijua kitu kimoja: mwishoni mwa sehemu ile ya msimbo palikuwa na jina la mwandishi. Subilaga.

3

Mama Subilaga alikuwa amestaafu miaka mitano nyuma, na sasa alikuwa msimamizi wa kituo cha kukusanyia maziwa, kilomita kumi na tano juu ya mji. Tulinagwe alimkuta saa moja asubuhi, amevaa buti za mpira na sweta la kijani, akitumbukiza kipimio kwenye jagi la maziwa huku mwenye maziwa akilalamika.

"Ng'ombe wangu anakunywa sana, mama, ndiyo maana."

"Hata akinywa mto mzima, maji hayapiti moja kwa moja kwenye chuchu. Rudi nayo nyumbani." Alisuuza kipimio, akamwona mgeni. "Umeleta maziwa?"

"Shikamoo, mama. Sikuleta. Natoka ofisi ya bwawa. Mimi ndiye ninayetoa Kitabu."

"Marahaba." Mama Subilaga alikausha mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Nimesikia wamebadilisha sheria. Na nyota moja inasomwa sasa?"

"Inasomwa."

"Haya. Njoo huku."

Walikaa nyuma ya kituo, juu ya makopo mawili ya maziwa yaliyopinduliwa. Tulinagwe alikuwa amejiandalia maswali njia nzima, lakini lililomtoka lilikuwa moja tu. "Mama, ni nani aliyechagua?"

"Wewe umeonaje?"

"Nimechanganyikiwa. Amri inasema nusu kwa nusu."

"Na ndivyo ilivyokuwa siku ile. Sikuwahi kuibadilisha. Nusu kwa nusu, niliiandika mimi, na niliona fahari." Alizungumza bila kuinua sauti, kama mtu anayeeleza njia. "Magogo yalikwama kweli. Milango ya kulia ikashindwa kupanda. Maji yote yakageukia kushoto. Unajua Mratibu hufanya nini akishindwa?"

"Humuuliza mtu wa zamu."

"Mtu wa zamu nilikuwa mimi. Swali likaja kwenye skrini: nifungue milango ya kulia kwa nguvu? Chini yake ndiyo na hapana. Kwa nguvu maana yake jeki zinavunja milango, na magogo yote na maji yote yanaruka kwa pamoja kwenye mfereji wa kulia. Mfereji ule unakata kona nyuma ya hospitali. Hospitalini siku ile walikuwa watu mia mbili na sita. Nilipiga simu nikauliza. Lusungo king'ora kilikuwa kimelia dakika arobaini. Nilijiambia wametoka wengi. Nilijiambia waliobaki ni wachache."

"Ukabonyeza hapana."

"Nikabonyeza hapana."

Kuku alipita kati yao, akadonoa kitu, akaenda zake. Tulinagwe alitafuta hasira ndani yake, kwa ajili ya Ambakisye, akaikuta. Akatafuta na huruma, nayo akaikuta. Na hakuna iliyokubali kuipisha nyingine.

"Kwa nini uliandika mle? Kwa nini hukusema kwenye tume?"

"Tume iliuliza kuhusu mashine. Ilifanya kazi? Ilifanya. King'ora kililia? Kililia. Hakuna aliyeniuliza mimi nilifanya nini. Nikarudi ofisini, nikaandika mistari ile mitatu mahali palepale mashine iliponiulizia. Nikaweka nyota moja ili isisomwe barazani, lakini fundi mwenzangu aione. Nilidhani atakayepokea kazi yangu atasoma msimbo wiki ya kwanza, aje aniulize. Nimemsubiri. Sasa umekuja, na natamani usingekuja."

"Unataka niyaondoe?"

"Ndiyo." Alisema haraka mno, kisha akatikisa kichwa. "Si kwa ajili yangu. Au kwa ajili yangu pia, sijui. Lakini fikiri. Watu wakijua kwamba anayekaa kwenye kiti kile siku moja ataulizwa swali kama lile, na kwamba miaka kumi na miwili baadaye jibu lake litasomwa hadharani, nani atakubali kukaa?"

Tulinagwe alifungua mdomo kujibu, akasita. Wazo lilikuwa limempitia, dogo na baridi.

"Mama, hakuna anayekaa. Ulipostaafu nafasi ilifutwa. Mratibu hakuwa ameuliza tena, wakasema haina haja. Chumba cha zamu kimefungwa. Tunaweka humo karatasi za zamani."

Mama Subilaga aliacha kukausha mikono iliyokwisha kukauka.

"Unakumbuka ukurasa wa mtu asipojibu?" aliuliza. "Una nyota mbili. Mmeusoma kila mwaka."

Tulinagwe aliukumbuka kwa sauti ya mume wake, nzito na safi, ukumbini: *Mtu wa zamu asipojibu ndani ya sekunde tisini, hutumika jibu la mwisho lililotolewa.*

"Jibu la mwisho," alisema Tulinagwe.

"Ni langu. Hakuna jingine tangu hapo." Mama Subilaga alisimama, akashika ukuta. "Mungu wangu. Nilidhani kuna mtu."

4

Tulinagwe alikaa na jambo lile siku tatu. Alimwomba Asajile arudishe mtu wa zamu; Asajile, uso umempauka, aliandika barua kwenda makao makuu siku ileile na kusema wazi kwamba jibu huchukua miezi mitatu. Msimbo wenyewe Tulinagwe hakuruhusiwa kuugusa. Mikono yake ilifika kwenye maoni tu.

Jumamosi mchana alimfuata Ambakisye kwenye karakana yake. Ambakisye alikuwa seremala. Alikuwa amelaza ubao mrefu wa mkangazi juu ya meza, akipiga randa, na huku akijifanyia mazoezi ya sauti kwa kusoma Kitabu cha mwaka jana kilichoegeshwa dirishani.

"Mama Lugano, umeniletea? Nipe nianze. Nasikia safari hii ni kurasa mia mbili, nitahitaji tangawizi."

"Baba Lugano, kaa kwanza."

Alimpa kurasa mbili tu, ule wa nyota moja na ule wa mtu asipojibu. Kisha akamweleza yote, bila kuruka Mama Subilaga, bila kuruka hospitali. Alipomaliza, Ambakisye alikuwa bado ameshika randa.

"Wachache," alisema hatimaye. "Mama yangu alikuwa mmoja. Mmoja ni wachache kweli."

"Ambakisye..."

"Ngoja." Akauinua ule ukurasa mwingine, akausogeza karibu na macho. "Huu nimeusoma mimi. Mara kumi na moja nimesimama mbele ya watu waliofiwa, nikawaambia hutumika jibu la mwisho lililotolewa. Kwa sauti nzuri. Wakanipigia makofi." Akauweka chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika. "Nilikuwa nawasomea nini, mke wangu? Nilidhani nasoma."

Tulinagwe alikuwa amejiandaa kwa hasira dhidi ya Subilaga, dhidi ya ofisi, hata dhidi yake mwenyewe.

"Ulifikiria kunificha?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Ambakisye aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa urefu wa ubao. Akachukua randa, akapiga mara moja, ubao ukatoa utepe mrefu uliojikunja hadi sakafuni. Hakupiga tena. "Chapa," alisema. "Mimi nitasoma. Nikishindwa, utasoma wewe."

Jumatatu Tulinagwe alichapa Kitabu chote bila kugusa neno. Chini ya mistari ile mitatu akaongeza wa kwake, kwa namna ambayo mashine huelezwa, na akaweka jina: *Milango ya kulia ikikwama na mtu wa zamu asijibu, maji yote huelekea Lusungo. Kwa sasa mtu wa zamu hayupo. Tulinagwe.*

Bwana Asajile alisoma ukurasa huo mbele yake. Alishika kalamu kwa muda mrefu. "Umenipa kazi ya kulala na hili," alisema, na akatia saini.

5

Ukumbi wa shule ya Lusungo ulijaa tangu saa tatu. Kwa saa tano Ambakisye alisoma juu ya kina na upana na kasi, na watu wakacheka pale fundi mmoja alipoandika kwamba kahawa imemwishia na akili pia. Wazee walisinzia. Tulinagwe, aliyekaa mstari wa mbele, alihesabu kurasa zilizobaki kwa unene wake.

Ambakisye alifika ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, akasoma mistari mitatu, akasoma na wa nne, wa mkewe. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walitazamana kama walioitwa kwa jina lisilo lao.

"Rudia," alisema mzee mmoja aliyeitwa Kajela.

Akarudia.

"Ilichaguliwa na nani? Na mashine?"

Tulinagwe alisimama. "Na mtu, mzee. Mashine iliuliza, mtu akajibu."

"Mtu gani?"

Hakuwa ameahidi kumtaja wala kutomtaja. Alisimama pale na mdomo wazi, na jina likiwa limekaa juu ya ulimi, na kwa kweli hakujua lingetoka au lingerudi. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukumbi.

"Ni mimi."

Mama Subilaga alikuwa amesimama mlangoni na buti zake za mpira. Sasa kelele zilizuka. Viti vilianguka. Katikati yake mwanamke mmoja, Bupe, aliyefiwa na mume na mtoto Mwaka wa Maji, alipita kati ya watu hadi akasimama mbele ya Subilaga, karibu kiasi cha kumpiga kofi, na ukumbi ukanyamaza kulisubiri.

"Uliwaona?" Bupe aliuliza.

"Sikuwaona. Nilikuwa naangalia namba."

"Ungewaona ungejibu nini?"

"Sijui," alisema Subilaga. "Kila siku najibu tofauti."

Bupe akakaa chini, palepale sakafuni, kama aliyechoka njiani.

Kijana mmoja wa kike, fundi cherehani, alipanda juu ya benchi. "Kama jibu la mwisho ndilo linalotumika, twende sasa hivi tulibadilishe! Kifunguliwe hicho chumba, tubonyeze ndiyo!"

"Ndiyo!" waliitikia wengi.

"Binti yangu amelazwa pale hospitali tangu Alhamisi," alisema mzee Kajela. "Anasubiri kujifungua."

"Basi tufute kabisa. Pasiwe na jibu," alisema mwingine.

"Pasipokuwa na jibu milango inabaki ilivyo," alisema Tulinagwe. "Na ilivyo ni Lusungo."

Wakabishana hadi saa kumi na moja. Mtu alipendekeza kura, wengine wakauliza kura ya kumuua nani. Mtu alipendekeza waletwe watu wa Kabembe, wakaitwa, wakaja sabini hivi kwa miguu na kwa pikipiki, wakasomewa, nao wakaanza kubishana upya kuanzia mwanzo. Kitu pekee walichokubaliana ni kwamba kiti kile kisikae tupu: watakaa wawili wawili kwa zamu, mmoja wa kila upande, barua ya makao makuu ije isije. Bwana Asajile, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha muda wote, alitoa ufunguo wa chumba cha zamu mfukoni akaupitisha dirishani bila kusema neno.

Lakini hao wawili wakiulizwa, wajibu nini?

Ambakisye alikuwa bado mbele, mkono juu ya Kitabu. "Mama Subilaga," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha. "Yale magogo. Yalikuwa ya mti gani?"

Watu walidhani amechanganyikiwa.

"Milingoti, ile mikaratusi," alisema Subilaga. "Iliyokatwa kule juu na kuachwa."

"Bado inakatwa?"

"Sijui."

"Inakatwa," alisema mtu wa Kabembe. "Na mfereji wa kulia umejaa visiki. Mimi huchunga kule."

Ambakisye alimgeukia mkewe. "Kitabu kinasema nini kuhusu magogo?"

Tulinagwe alizipitia akilini kurasa zote mia mbili na thelathini na moja, nyota mbili na nyota moja. "Hakuna maoni," alisema. "Hakuna amri. Mratibu hajui kwamba magogo yapo."

6

Walipanda hadi bwawani Jumatano, watu zaidi ya mia tatu, na mapanga na misumeno na kamba za katani. Mvua ndogo ilikuwa imeanza kunyunyiza. Mfereji wa kulia, ambao kwenye skrini ya Tulinagwe ulikuwa mstari mmoja mnyoofu wa buluu, ulikuwa korongo la matope lililosongwa na matawi, visiki na magome yaliyooza, na chini kabisa, mbele ya mlango wa tatu, gogo moja nene kama pipa lililojikita kwa ubavu.

Walilifunga kamba tatu. Ambakisye alisimama juu ya ukingo akielekeza, kwa kuwa alijua mbao hugeuka vipi. Bwana Asajile alishika kamba ya kwanza, tai ameichomeka ndani ya shati. Walivuta, gogo halikutikisika. Wakavuta tena. Kamba ya tatu ililegea kwa kuwa mwishoni mwake palikuwa na watu wachache.

Mama Subilaga alikuwa amesimama peke yake upande wa juu, akikusanya matawi madogo. Tangu asubuhi hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemsalimia. Alikuwa akiinama, akiokota, akirundika, kwa utaratibu kama wa kituo cha maziwa.

Tulinagwe alimwona mumewe akishuka kutoka ukingoni. Alimwona akiichukua ncha ya kamba ya tatu kwenye matope, akaifuta kwa kiganja, akaenda nayo hadi alipokuwa yule mwanamke. Watu waliokuwa karibu waliacha kufanya walichokuwa wakifanya.

"Shika hapa, mama," alisema Ambakisye. "Nikisema vuta, uvute."

Mama Subilaga aliangalia kamba, akamwangalia yeye. Akaangusha matawi, akashika. Bupe, aliyekuwa hatua tatu nyuma, alisita, kisha naye akashika, mbele yake, akiwa amempa mgongo.

Tulinagwe hakuelewa alichokiona. Baadaye, wakishuka, alimuuliza mumewe kama pale alikuwa amesamehe, naye akamjibu kwamba hajui, kwamba gogo lilikuwa zito na kamba ile ilikuwa na watu wachache. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Wakati ule yeye mwenyewe alishuka korongoni, akatafuta nafasi nyuma ya Mama Subilaga, akajizungushia kamba kiunoni.

"Vuta!" aliita Ambakisye kwa sauti yake ya ukumbini.

Wakavuta. Kitu kililia chini ya matope, gogo likageuka nusu, likasita, likang'oka, na maji ya kahawia yakawapita miguuni kwenda kulia.